Kubadilisha arbrakame: fundi asiye na piesi zote asifungue motere

Mwenye gari anaambiwa kwamba arbrakame ya motere yake imekwisha. Anakopa pesa, anapita duka moja hadi lingine, anarudi garaji na chuma kimoja kilichofungwa ndani ya karatasi, anamkabidhi fundi. Jioni motere inawaka na watu wanapongezana. Nyuma ya wiki chache makelele yanarudi, tena kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Fundi analaumu piesi, muuza piesi analaumu fundi, na mwenye gari anabaki katikati akitafuta pesa ya pili.

Hadithi hiyo inajulikana Butembo, Beni, Bunia, Goma, Bukavu na Uvira, na kila mara mabishano yanazunguka swali moja: ni nani aliyeharibu? Swali hilo linakuja likiwa limechelewa. Kosa lilifanyika asubuhi ile kapo ilipofunguliwa, wakati juu ya meza kulikuwa piesi moja na kisanduku cha kle zisizotosha. Kubadilisha arbrakame si kama kubadilisha buji. Ni kazi inayopaswa kukataliwa mpaka kila kitu kinachohitajika kionekane kwa macho, na mafundi wa mashariki mwa Kongo wangejilinda wenyewe, pamoja na wateja wao, kama wangekuwa na ujasiri wa kuikataa.

Arbrakame ni fimbo ya chuma yenye vinundu, inayolala juu ya kulasi katika motere nyingi za siku hizi. Kinundu kinapozunguka kinasukuma supapi ifunguke, kisha resori inairudisha fasi yake. Fimbo hiyo inazunguka nusu ya mwendo wa vilebrekeni: motere ikifanya mizunguko 3.000 kwa dakika, arbrakame inafanya 1.500, maana yake kila supapi inafunguka na kufungwa mara 25 ndani ya sekunde moja. Kinachozuia chuma kisile chuma kwa mwendo huo ni utando mwembamba wa mafuta, basi.

Ndiyo sababu arbrakame haifi bure. Ikiwa vinundu vimelika, mara nyingi kuna jambo lililotangulia: mafuta yaliyokaa miezi mingi bila kubadilishwa, mafuta ya bei ndogo yaliyonunuliwa kwa kadhafi wa barabarani bila kujua yametoka wapi, filtri iliyoziba, pompi ya mafuta iliyochoka, au matope meusi yaliyoziba kichujio cha chini ndani ya karteri. Mahali penye vumbi kama barabara za Goma, ambako unga wa mawe ya volkano unaingia kila tundu, filtri ya hewa iliyotoboka inamaliza motere haraka vilevile. Fundi anayeweka arbrakame mpya bila kutafuta kilichoua ile ya zamani anaipeleka hiyo mpya kwenye kifo kilekile.

Kuna hata wanaoibadilisha ikiwa bado nzima. Sauti ya tak-tak chini ya kapo inaweza kutoka kwenye nafasi ya supapi iliyoongezeka, au kwenye mafuta yaliyopungua, au kwenye gale ya mkanda iliyolegea. Kufungua kifuniko cha juu na kutazama vinundu kimoja kimoja kunachukua muda mfupi. Mwenye gari ana haki ya kuitwa aje aone mwenyewe kinundu kilicholika, akipitishe ukucha wake juu yake, kabla hajatoa hata franka moja ya kununua piesi.

Mfano mzuri ni motere 3S-FE ya Toyota, ya lita 2 na supapi 16, inayopatikana ndani ya Ipsum, ndani ya RAV4 za kwanza na ndani ya Noah nyingi zilizofika kutoka Japan zikiwa zimekwisha kutumika. Ni motere ya kawaida, mafundi wanaijua, na piesi zake zinapatikana. Ndani yake kuna arbrakame mbili. Mkanda wa distribisioni unavuta ile ya upande wa kuingiza hewa, nayo inavuta ile ya upande wa moshi kwa meno.

Mwenye gari akisikia kwamba arbrakame moja ya motere hiyo imelika, anadhani anatafuta kitu kimoja. Ukweli ni kwamba anatafuta vitu zaidi ya kumi. Kuna arbrakame yenyewe. Kuna vikombe ambavyo vinundu vinavigonga, pamoja na visahani vidogo vinavyokaa juu yake ili kurekebisha nafasi ya supapi. Kinundu kilicholika kwa kawaida kimeacha alama juu ya kisahani chake, na kuweka kinundu kipya juu ya kisahani chenye mtaro ni sawa na kuweka kiatu kipya juu ya msumari. Kuna jointi spi ya mbele, ile pete inayozuia mafuta yasitoke kwenye puli. Kuna jointi ya kifuniko cha juu na pete za matundu ya buji, ambazo zikizeeka zinaacha mafuta yashuke mpaka kwenye buji. Kuna mkanda wa distribisioni na gale zake.

Kisha kuna pompi ya maji. Katika motere hii pompi inazungushwa na mkanda uleule wa distribisioni, na kuifikia kunaomba kufungua karibu vitu vyote vilevile. Kuiacha ya zamani ndani kwa sababu haijaanza kuvuja ni kujiwekea kazi ileile kwa mwezi ujao, na pengine mkanda mpya uliolowa maji. Mwisho kuna mafuta mapya ya motere, filtri mpya, maji ya radiatere ikiwa pompi imetolewa, na grisi au mafuta mazito ya kupaka juu ya vinundu siku ya kufunga ili motere isiwake ikiwa kavu.

Kitu kimoja hakimo ndani ya orodha hii, na mwenye gari akikiona amefanyiwa bili anapaswa kuuliza: jointi ya kulasi. Katika 3S-FE arbrakame zinatoka kulasi ikiwa fasi yake. Fundi anayetaka kuondoa kulasi anaweza kuwa na sababu nzuri, kwa mfano supapi iliyopinda au maji yanayochanganyika na mafuta, lakini aieleze. Si kila anayefungua kulasi anafanya hivyo kwa ajili ya motere. Wengine wanafanya hivyo kwa ajili ya bili.

Upande wa vifaa ndipo ugonjwa ulipo zaidi. Garaji nyingi zinafanya kazi chini ya mti au kando ya barabara, na kle zenyewe ni zile ambazo mwanafunzi amezirithi kwa mkubwa wake. Watu wanaofanya kazi katika hali hiyo wana akili ya mikono ambayo vitabu havitoi, na motere nyingi za mashariki zingekuwa zimelala miaka mingi bila wao. Lakini kuna vitu ambavyo mkono hauwezi kuvihisi, hata uwe mkono wa fundi wa miaka 30.

Cha kwanza ni kle ya dinamometri, ile inayopima nguvu ya kukaza. Buloni za vifuniko vinavyoshika arbrakame ya 3S-FE zinakazwa kwa nyutoni-mita 19 tu. Hiyo ni nguvu ndogo, mtu anaifikisha kwa kifundo cha mkono bila kutumia bega. Fundi aliyezoea buloni za magurudumu anapoikaza "mpaka ikatae," anaharibu nyuzi ndani ya alumini ya kulasi, au anabana arbrakame mpaka ikose nafasi ya mafuta. Motere itawaka vizuri siku hiyo. Itakwama baadaye, na hakuna atakayekumbuka mkono uliokaza.

Tena kukaza kwenyewe kuna utaratibu. Buloni zinalegezwa kidogo kidogo kuanzia nje kuelekea katikati, na zinakazwa kidogo kidogo kuanzia katikati kuelekea nje, kwa mizunguko kadhaa. Sababu yake inaonekana wazi kwa anayefikiri: baadhi ya supapi zimefunguliwa, resori zake zinasukuma arbrakame kwa nguvu kuelekea juu, na upande mmoja ukiachiliwa kabla ya mwingine fimbo inalala upande. Hapo inaweza kuvunja ukingo wa kulasi au kuvunjika yenyewe. Vifuniko navyo vina namba na mshale unaoelekea mbele ya motere. Vilichongwa pamoja na kulasi, kila kimoja kwa fasi yake, na anayevichanganya ndani ya kopo moja la grisi hawezi tena kuvirudisha kwa kukisia.

Kisha kuna jambo dogo linalowashinda wengi: buloni ndogo ya milimita 6. Lile gurudumu la meno kwenye arbrakame ya upande wa moshi limeundwa kwa vipande viwili vyenye resori katikati, ili meno yasipige kelele. Kabla ya kuitoa, vipande hivyo vinafungwa pamoja kwa buloni hiyo. Ikisahauliwa, resori inaachia, vipande vinapishana, na fundi anatumia nusu ya siku akivipinda kwa turnevisi ili kuvirudisha, huku akikwangua meno. Buloni yenyewe haigharimu karibu kitu. Ukosefu wake unaweza kugharimu arbrakame nzima.

Vinavyobaki ni bamba nyembamba za kupimia nafasi na mikrometa. Motere ikiwa baridi, nafasi ya supapi ya upande wa kuingiza hewa inapaswa kuwa kati ya milimita 0,19 na 0,29, na ya upande wa moshi kati ya 0,28 na 0,38. Hakuna sikio linalosikia tofauti ya sehemu kumi za mia ya milimita. Nafasi ikizidi, motere inapiga kelele. Ikipungua, ambalo ni baya zaidi kwa sababu halisikiki, supapi haifungi vizuri, moto unapita pembeni yake na kuiunguza. Mikrometa inatumika kupima unene wa visahani ili kujua ni kipi kinaweza kuhamishwa na kipi kinunuliwe, na inapima pia urefu wa vinundu vya arbrakame inayoletwa kutoka dukani.

Silikoni isemwe peke yake, maana imekuwa dawa ya kila ugonjwa. Motere hii inahitaji kidogo tu, kwenye kifuniko cha kwanza cha mbele na kwenye pembe chache. Badala yake inapakwa kama siagi juu ya mkate. Inayozidi inaminywa ndani, inakatika, inaelea katika mafuta na kwenda kuziba vijitundu vinavyopeleka mafuta kwenye arbrakame. Jointi mpya ya kifuniko inauzwa bei ndogo kuliko uharibifu huo, lakini tube ya silikoni ipo mfukoni tayari.

Wengi watajibu kwamba maneno haya ni ya watu wenye pesa. Shofere wa teksi anapaswa kumpelekea mwenye gari pesa ya kila siku, gari ikilala siku mbili watoto wake hawali, na fundi anayeomba orodha ndefu anaona mteja akivuka barabara kwenda kwa jirani anayekubali kufanya kazi kwa chuma kimoja. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Ushindani kati ya garaji ndio unaowanyima mafundi wazuri ujasiri wa kusema hapana.

Hata hivyo hesabu yenyewe haiko upande wa njia fupi. Anayefunga arbrakame peke yake na kuirudia nyuma ya miezi miwili analipa mkono wa fundi mara mbili, mafuta mara mbili, filtri mara mbili, na siku za gari kulala mara mbili. Juu ya hayo ananunua arbrakame ya pili. Kama pesa ya orodha yote haipo leo, afadhali gari isimame wiki moja ikiwa haijafunguliwa kuliko kufunguliwa na kulala mwezi mzima bila kifuniko, vumbi likiingia ndani ya kulasi. Katika hilo fundi anaweza kusaidia: aandike orodha, mteja anunue kidogo kidogo, kazi ianze siku kitu cha mwisho kinapofika.

Kuhusu duka lenyewe, mashariki inaishi kwa piesi za mbali. Zinazoingia kupitia Kasindi zinatoka mara nyingi Kampala, ambako soko la Kisekka limejulikana miaka mingi kwa piesi za magari, nyingine zinatoka Dubai au China. Ndani ya katoni zinazofanana kuna chuma kizuri na chuma laini kama udongo, na jina lililochapwa juu ya katoni halihakikishi chochote. Hapa kuna neno ambalo baadhi ya wauzaji hawatalipenda: arbrakame ya okazioni iliyotolewa ndani ya motere ya Toyota iliyotoka Japan inaweza kuwa bora kuliko mpya isiyojulikana. Lakini ikaguliwe. Vinundu viwe laini bila mtaro wala rangi ya bluu ya kuungua, sehemu zinazokaa ndani ya vifuniko zisiwe na mikwaruzo, na fimbo ikibiringishwa juu ya kioo kinene isiruke. Muuzaji anayekataa piesi yake ipimwe kwa mikrometa mlangoni pake amekwisha kujibu.

Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, ina kazi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Wenye magari wanaolipia piesi za uongo wana haki ya kutazamia kwamba ukaguzi huo uingie ndani ya katoni na usiishie kwenye karatasi. Piesi ya breki au ya distribisioni isiyo na ubora inaweza kuua kama dawa ya uongo inavyoua, ila mochwari haiandiki jina lake.

Lakini kungoja serikali peke yake kungekuwa kulala. Kle nzuri ya dinamometri, mikrometa na bamba za kupimia ni mzigo kwa fundi mmoja. Kwa garaji kumi za mtaa mmoja si mzigo. Vyama vya mafundi vinachanga pesa za msiba na za harusi, na vinajua kuzitunza. Vingeweza kununua sanduku moja la vipimo, likae kwa mtu anayeaminika, kila anayelichukua aandike jina lake na alipe kidogo kwa siku. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka wa 1964, inafundisha ufundi wa magari, na ingefaa ifungue mlango kwa fundi wa barabarani ambaye hana diploma wala muda wa mwaka mzima darasani, hata kwa siku tatu za kujifunza kupima tu. Akitoka hapo anajua kusoma milimita 0,25, mji mzima umefaidika.

Anayeona hayo kuwa makubwa mno kwa ajili ya fimbo moja ya chuma, afikirie fasi ambapo gari inazimika. Ndani ya Bukavu, kuzimika ni aibu na honi za walio nyuma. Kati ya Rutshuru na Kanyabayonga, au kwenye barabara za Beni na Ituri jua likiwa linazama, ni jambo lingine kabisa, na kila shofere wa njia hizo anajua kwa nini watu hawashuki hata kukojoa. Gari ya wagonjwa inayokwama ikiwa na mama mjamzito ndani haina muda wa kusubiri fundi na mwenye duka wamalize ubishi wao.

Hatari hiyo inakua zaidi kwa motere za mazutu. 3S-FE inajulikana kwa kusamehe: mkanda wake ukikatika, kwa kawaida pistoni hazigongi supapi, mtu anavutwa mpaka garaji na kuweka mwingine. Land Cruiser yenye motere 1HZ, ile ambayo hospitali na mashirika mengi yanaitegemea mashariki, nayo inazungusha arbrakame yake kwa mkanda, na haisamehi. Alama za distribisioni zikikosewa kwa meno machache, au mkanda wa zamani ukirudishwa "kwa sasa," supapi zinakutana na pistoni na kazi ya siku moja inakuwa motere ya kununua.

Kwa sababu hiyo, kabla ufunguo wa kuwasha haujaguswa, vilebrekeni izungushwe kwa mkono, kwa kle, mizunguko miwili kamili mpaka alama zote zirudi fasi yake. Ikikataa kuzunguka, isilazimishwe. Mwenye gari awepo wakati huo, aone alama kwa macho yake. Na aondoke na arbrakame ya zamani, mkanda wa zamani na visahani vya zamani ndani ya mfuko wake, hata kama hajui atavifanyia nini. Fundi aliyebadilisha kweli hatakuwa na shida ya kuvitoa.